Kaunti Isiyoshinda Imepata Meneja

Bordesley Green,
Birmingham.
Jumatatu, siku yangu ya kupumzika.

Kaka Barasa,

Hamjambo hapo nyumbani? Sisi huku tupo, hatulali njaa, na mvua inatunyeshea kama ilivyozoea. Goti langu limepoa. Neema amerefuka mpaka ananitazama kutoka juu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, nami naendelea na Kiswahili changu mpaka mmoja wetu achoke. Natumaini Mama anameza dawa zake za presha na hazifichi chini ya godoro, na kwamba shemeji amepona ile homa.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye basi, nikaurudia nilipofika jikoni. Najua ulitaka nikujibu papo hapo, lakini wewe kwenye simu huna subira. Nikifungua mdomo tu, "Hebu ngoja kwanza, dada." Kwa hiyo naandika, na barua ataileta Mama Chebet, anayesafiri wiki hii kwenda Kitale mazishini. Barua huwezi kuikatiza.

Umesema kamati ya timu ilikuja mpaka shuleni kwako, wazee wazima na soda mkononi, wakakuomba uwe kocha. Timu imeshuka daraja, vijana wazuri wamekimbilia Nairobi, na kocha aliyekuwepo alitoroka siku mashabiki walipookota mawe. Mama hataki hata kusikia. Nawe unaniuliza mimi niliye mbali huku, nichukue au niache, na umesema nitakalosema ndilo utakalofuata. Ala! Umenitwika mzigo. Basi kabla sijakujibu, keti nikusimulie yaliyonipata na mzee mmoja wa hapa, maana mpwa wake aliulizwa swali hilo hilo lako.

Kazi yangu unaijua: kuzunguka nyumba za wazee, kuwaogesha, kuwapa dawa na chakula. Kule Kingstanding, kaskazini mwa jiji, nina mzee Mwairishi anayeitwa Con. Alikuja hapa kijana, akachimba barabara na kujengea watu nyumba mpaka mgongo ukagoma. Mkewe alifariki, na watoto hawakujaliwa. Aliyebaki ni Brendan, mtoto wa marehemu dada yake. Brendan anaishi kwao Ireland, peke yake kwenye nyumba ya mama yake. Ni mwalimu kama wewe, ana ng'ombe wachache kama wewe, na kila Jumapili humpigia mjomba wake simu.

Mzee Con ana maradhi ya mgongo, ya moyo, na ya kaunti. Ndiyo, na wao wana kaunti kama sisi, na kila kaunti ina timu ya mpira wao wa asili. Mpira wenyewe ungeuona ungecheka. Watu kumi na watano kila upande. Mtu anaudaka kwa mikono, anakimbia nao kidogo, anaudundisha chini au anaubetua kwa mguu umrudie, halafu anaupiga teke. Goli lina nguzo mbili ndefu zinazopita mwamba kwenda juu. Ukiupitisha juu ya mwamba umepata pointi moja, ukiutia wavuni umepata tatu. Na vikumbo, weee! Wanagongana kama ng'ombe kwenye mlango wa josho. Tena hakuna anayelipwa. Mchezaji ni fundi bomba, ni polisi, ni mwalimu, na Jumatatu yuko kazini jicho likiwa limevimba. Wala hahamii kaunti yenye nguvu akatafute vikombe. Pale kwao ndipo anapochezea, na kama ni kushindwa, atashindwa papo hapo mpaka magoti yamwishe.

Kaunti ya Mzee Con siitaji jina, aibu waliyo nayo inawatosha. Miaka nenda miaka rudi wao ni wa kufungwa. Mzee huwatukana maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa kuwa najua barua hii utamsomea Mama.

Mwaka jana meneja wao aliondoka. Alikuwa mtoto wa jirani wa kina Con, mtu mpole. Kwa sababu ya kufungwa walimsema kituo cha mafuta, wakamsema dukani, mkewe akasengenywa mpaka kanisani, na mwishowe familia nzima ikawa inakwenda kusali mji mwingine. Kiti kikabaki wazi. Ndipo wakamwendea Brendan, na Brendan, kabla hajawajibu, akamuuliza mjomba wake. Mzee akamwambia, "Usiguse kitu hicho." Brendan akasema atafikiri, atapiga tena Jumapili.

Mimi hayo yote sikuyajua. Mzee aliniambia kwa mkato tu, "Wamemwomba Brendan awe meneja," akakaza uso, nami nikadhani ni furaha ya wazee, ile isiyotaka kuonekana. Jumapili simu ikalia mzee akiwa msalani. Akanipigia kelele, "Pokea!" Nikapokea.

Sasa Barasa, niambie wewe. Mtu wa kwenu amepewa cheo, amepiga simu, mjomba yuko msalani. Unasema nini? Nilisema kama alivyotulea Mama. "Hongera, Brendan! Hongera sana! Mjomba wako amefurahi ajabu. Anakuombea usiku na mchana. Anasema Mungu amekuinua." Ni adabu ya kawaida tu. Kwetu hata mgonjwa akiwa amenuna na kugeukia ukuta, tunasema anakusalimu sana, na hakuna anayeuliza kama ni kweli.

Brendan akauliza, "Amesema hivyo? Mjomba?"

"Kabisa."

"Basi mwambie asante," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Akakata.

Kesho yake ikatangazwa redioni kwao kwamba kaunti imepata meneja mpya.

Haki ya Mungu, siku hiyo niliona cha mtema kuni. Nilifungua mlango nikamkuta mzee amesimama, yeye ambaye husimama kwa kushikwa. "Nafula! Umemwambia nini mtoto wangu?" Nikamweleza. Akasema mimi ni mwongo, nikamwambia mimi ni mtu mwenye adabu. Chai yangu akaikataa. Alipochoka kufoka akaketi, akaniambia jambo ambalo sijalisahau. "Hawatampiga," alisema. "Huko kwetu hawapigi mtu. Wataacha kumsalimu. Anaishi peke yake kwenye ile barabara, Nafula. Watampita kwenye magari yao bila kuinua mkono, naye atarudi kwenye nyumba isiyo na mtu."

Nikamuuliza, basi mbona asimpigie amwambie ukweli? Akasema, "Nimwambie sasa kwamba sikumbariki? Nitakuwa nimemvunja miguu." Lakini kumdanganya kwa mdomo wake pia hakuweza. Kwa hiyo akafanya ukaidi wa kizee: Jumapili simu ikilia, anafumba macho. "Mwambie nimelala." Mwezi ukapita, na mwingine, mimi ndiye ninayeongea na Brendan, yeye akidhani mjomba anadhoofika, na mjomba yuko pale kitini akitega sikio kama sungura.

Ndivyo nilivyopata habari za timu, nisizozitaka. Brendan alianza kwa kuwaendea nyumbani vijana waliokuwa wamesusa timu. Akaketi jikoni kwa mama zao, akanywa chai, hakuahidi kikombe chochote. Aliwaambia kitu kimoja tu, waje mazoezini, wasikose. Wengi wakarudi. Mechi za mwanzo za ligi wakafungwa, halafu wakatoka sare, halafu wakashinda ugenini. Brendan aliponiambia hilo la ugenini nilisikia watu wakiimba nyuma yake. Watu wakaanza kufunga bendera kwenye matrekta. Mimi nikamwambia mzee, ona, mambo yananyooka. Akaniangalia kama mtoto mdogo. Akasema meneja asiye na matumaini husemwa kidogo tu. Aliyewapa watu matumaini halafu akafungwa, huyo ndiye wanayemgeuka.

Jana ndiyo ilikuwa mechi yenyewe, ya mtoano kwa hesabu yao, dhidi ya kaunti kubwa inayowapiga kila mara. Zamu yangu ya mchana iliishia kwa mzee, nikabaki kwa hiari yangu. Nilikuwa nimekwenda na laptopu ya Neema. Nikaiweka mezani, mzee akageuza kiti akatazama dirishani. Hataki kuona. Lakini kila mara, "Sasa?"

"Yule mrefu ameanguka."

"Mrefu yupi?"

"Wa kwetu."

"Ameangushwa au ameanguka?"

Mimi nitajua wapi? Nilitangaza nilivyoweza. Mapumziko wa kwetu wakawa wanaongoza. Barasa, nilikuja pale kama mtu anayesubiri basi, lakini kipindi cha pili nilijikuta nimesimama, nimeshika mwiko, napiga kelele kwa Kibukusu. Walilingana, wakaongoza, wakalingana tena. Dakika ya mwisho wale wakubwa wakapata mpira wa adhabu, mtu wao akaupiga, ukapita juu ya mwamba. Kipenga. Tumefungwa kwa pointi moja. Iliniuma, sikufichi. Watu nisiowajua, kaunti nisiyoweza kulitamka jina lake sawasawa, na bado iliniuma.

"Tumefungwa, mzee."

Hapo ndipo alipogeuza kiti. Kwao mechi ikiisha watu huingia uwanjani, wazee, wanawake, watoto, wakachanganyika na wachezaji. Mzee akaiinamia ile laptopu mpaka pua ikakaribia kioo. "Yuko wapi? Nionyeshe yuko wapi."

Brendan alikuwa amesimama kando ya mstari, mikono mfukoni, hajui aende wapi. Mama mmoja mnene akamfikia kwanza, akamvuta mkono kutoka mfukoni, akautikisa. Akaja mwingine. Wakaja vijana wawili, wakamkumbatia. Wengi walimpa mkono, sitii chumvi. Wapo pia waliompita kana kwamba ni nguzo, na mwanamume mmoja alimnyooshea kidole usoni akasema lake mpaka akavutwa na mkewe. Mzee akasema, "Huyo ni wa ukoo fulani, wamekuwa hivyo tangu babu yao." Na waliompita, mmoja mmoja, aliwataja majina, au majina ya baba zao.

Kisha akasema, "Nipe simu."

Ililia sana kabla Brendan hajapokea. Mzee hakusema hongera, hakusema pole. Alimuuliza, "Umekula?"

Upande wa pili nikasikia mtu mzima akilia. Mzee akamwacha alie. Baadaye akamwambia, "Nenda ukale, halafu unieleze kwa nini ulimtoa namba kumi na moja, maana kosa lilianzia hapo." Kumbe alikuwa akifuata kila neno langu! Wakaongea mpaka nikamaliza vyombo, nikapiga deki jikoni, na bado walikuwa wanabishana kuhusu huyo namba kumi na moja.

Alipoweka simu nikamwambia, haya, sasa niombe msamaha au uniombe wewe? Akasema, "Wewe ni mwongo, Nafula. Tangu siku ile ulipomdanganya nimelazimika kumwombea kweli, usiku na mchana." Chai yangu akainywa.

Sasa tuje kwako. Safari hii sitii sukari, nimeshaona inakomfikisha mtu. Timu hiyo ni mbovu. Huna wachezaji, na kamati inayokuja na soda leo ndiyo itakayokuwa ya kwanza kukukana. Utafungwa. Utasemwa sokoni, na kuna watu watampelekea Mama maneno kabla hujafika nyumbani. Lakini nilisikiliza ujumbe wako mara mbili, na mara zote mbili nilisikia mtu ambaye ameshaanza kupanga nani acheze beki. Ulimtaja yule kijana wa Chwele anayepiga kwa miguu yote miwili. Mtu anayetaka kukataa hataji majina ya mabeki.

Kwa hiyo ichukue. Ni mimi dada yako niliyesema, na ukiulizwa na Mama sema ni mimi.

Kinachoniuma ni kimoja. Brendan alikuwa na yule mama mnene wa kumtoa mkono mfukoni. Siku yako ikifika, watakapokupita hapo uwanjani bila salamu, mimi nitakuwa huku namvisha mtu soksi. Nimelifikiria hilo tangu jana na sijapata dawa yake. Basi mechi ikiisha usinitumie ujumbe wa sauti. Piga. Nimemwambia bosi wangu kwamba Jumapili jioni sichukui zamu.

Mpe Mama shikamoo yangu, na umsomee yote isipokuwa pale kwenye mawe. Msalimu shemeji Rose, mwambie kitambaa alichotaka kimo kwenye mfuko wa Mama Chebet. Msalimu mjomba Wafula, aache kuniulizia kama nimepata mchumba. Wasalimu wanafunzi wako wa darasa la saba, hasa yule anayekuandikia ubaoni kwa mwandiko mzuri. Neema anawasalimu, na safari hii ni kweli, nimemuuliza.

Mimi dada yako, ninayejua kabisa kwamba mechi ya kwanza utafungwa, na simu nitaipokea,

Nafula.