Mshumaa wa Ornella

Kiwanja cha San Giacomo,
Santa Croce, Venisi.
22 Novemba 2023

Mdogo wangu mpendwa Ornella,

Pokea salamu tele kutoka kwetu tuliobaki. Je, huko Melbourne joto limeanza? Mgongo wako umepata nafuu? Na shemeji Dario, bado anakoroma mpaka majirani wanajua? Sisi hatujambo, ila ukungu umeanza, na magoti ya Mama nayo yameanza.

Barua yako nimeipata. Unaniomba nimwandikie mwanao Tessa makumbusho na viwanja vya kutembelea atakapokuja na wenzake mwezi wa pili. Nilicheka, kisha nikakasirika. Wewe uliyevunjika jino kwenye kisima cha kiwanja hiki hiki, leo unaniuliza kama mgeni aliyeshuka kwenye treni?

Haya. Aende Makumbusho ya Correr akaione ile ramani kubwa ya mji, ya miaka mia tano iliyopita. Mimi na Mama tuliingia wiki iliyopita, maana wenyeji hatulipi. Mama akabandika kidole kwenye kioo.

"Nyumba yetu hii hapa!"

"Bibi, usiguse kioo, tafadhali," mlinzi akamwambia.

"Na wewe nionyeshe ya kwenu basi, mwanangu. Haya, iko wapi?"

Maskini, kwao ni ng'ambo ya maji huko Mestre, si hapa mjini. Mama alitamba njia nzima.

Uwanja wa San Marco Tessa ataufikia hata asipoelekezwa. Aje hapa kwetu jioni, watoto wanapopiga mpira kwenye ukuta wa kanisa. Lakini wamebaki wachache, Ornella. Nyumba ya akina Zanella sasa ni ya wageni wa siku mbili tatu, na ya mwoka mikate vilevile. Asubuhi siamshwi tena na kelele za watu ninaowajua, naamshwa na magurudumu ya masanduku. Nimekukumbuka sana.

Sasa jambo lenyewe. Jana ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria wa Afya. Tulivuka lile daraja la muda linalowekwa kwa sikukuu, kwenda kanisani, Mama ameniegemea, tukanunua mishumaa mitatu. Tangu uondoke, wako hununuliwa kila mwaka lakini Mama hakubali uwashwe. "Atakuja kuuwasha mwenyewe," husema, na kuutia kabatini pamoja na wenzake. Jana, mbele ya altare, alinipa wote mitatu.

"Na huu wa Ornella uwashwe, Loredana. Yule haji tena. Sasa anatuma mtoto."

Hakulia. Afadhali angelia. Tuliporudi aliuonja tu mchuzi wa kondoo na kabichi, ule unaoujua, akaenda kulala.

Tessa namsubiri kwa furaha na nitamzungusha mwenyewe. Ila usimtume kama kifurushi. Njoo naye.

Msalimie Dario, umbusu Tessa. Bi Argia wa ghorofa ya chini anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Bikira Maria awafunike wote, huko mliko na njiani mkija.

Mshumaa wako sikuutoa. Mama alipofumba macho kusali, nilimpa mhudumu anayewasha mishumaa miwili tu, wa tatu nikausukumia mkobani. Yeye anaamini umewaka. Uko hapa mezani ninapoandika, mzima, na sijui nitaweza kumdanganya mama yetu mpaka lini.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,
Loredana