Sahani Waliyoiita Kioo

Mwanangu Yona,

Bwana asifiwe huko uliko. Sisi huku Area D tunaamka kwa neema yake tu.

Nikuambie moja kwa moja, maana hukupenda nizungukezunguke: kazi yako imevunjika. Ile sahani ya silikoni, ya kunasia chembe, uliyokuja nayo kutoka chuoni Chimwaga, ukaniambia, "Mama, hii ishike kwa macho tu." Nyembamba kama ganda la kitunguu, pana kama sinia, inang'aa. Wenzako walikuwa wanaunga vipande vidogovidogo, na zile chembe mnazozitafuta, ambazo kwazo hata vumbi ni mlima, zinapita kwenye maungio bila kuonekana. Wewe ukataka kipande kimoja kipana, kisicho na kiungo. Ngapi ziliharibika! Hii ikaziona. Uliruka humu ndani kama mtoto, Yona. Wiki hiyohiyo ukaugua.

Tulipoanua matanga, ukoo wa baba yako ukagawa vitu vyako, kama desturi. Shangazi yako ndiye wa kwanza kuchagua. Akaacha koti, akaacha redio, akachukua sahani. Nikasema jamani, hiyo ni ya chuo, ni ya kazi. Akanicheka mbele za watu: "Kazi ya nani, wifi? Mwenye kazi tumeshamzika. Mimi nimejipatia kioo." Wazee wakaendelea kugawa. Akaenda nayo Kongwa, akaipigilia msumari ukutani.

Mwalimu wako alipokuja kuiulizia, nilimpeleka mwenyewe. Tulikuta imeshapasuka kwa msumari, vipande viko jalalani, kuku wanaparua. Akachutama kuviokota, na shangazi yako amesimama mlangoni: "Mwalimu mzima unalilia kioo! Nenda sokoni Sabasaba, vimejaa tele."

Njiani ndipo akaniambia. Vipimo vya mwisho vilikuwa bado. Bila ile sahani hakuna cha kuonyesha, na jina lako haliwezi kuwekwa kwenye kazi isiyokuwepo. Kijana mwingine ameanza upya. Akifaulu, ataandikwa yeye.

Nimefunga, nimepiga magoti, nimsamehe wifi yangu. Bado, mwanangu. Mungu ananiona.

Mwalimu amenialika siku watakayoionyesha hiyo mpya. Nakuahidi nitakwenda. Nitakaa mbele, nimpigie vigelegele mtoto wa mwanamke mwenzangu, mpaka watu wadhani mimi ndiye niliyemzaa.

Pumzika kwa Bwana, Yona. Wakiniuliza kama ni wangu, sitakataa.

Mama yako