Mbuzi wa Ukurasa wa Kwanza

Dada mshauri, kwanza naomba usinicheke, pili naomba ulifiche jina langu, maana gazeti lako hili hili ndilo ninalolisoma kwa sauti kila asubuhi kwenye kibanda cha chai cha Karuppaiya hapa Madurai, ambapo, kama ujuavyo, gazeti ni moja na wateja ni wengi, basi linagawanywa, huyu anachukua michezo, yule anachukua utabiri wa nyota, na ukurasa wa kwanza, tangu nilipostaafu kiwandani, ni wangu, nausoma kwa kupaza sauti hadi wapita njia wanasimama, na hiyo ndiyo heshima pekee iliyonibakia, maana nyumbani hata paka hanisikilizi. (Mimi mkewe ndiye ninayemwandikia. Paka anamsikiliza sana.) Sasa macho yangu yameingia ukungu, vile vichwa vikubwa vya habari navibahatisha, lakini chini yake naona sisimizi tu, na kwa kuwa sikutaka kunyamaza nikaanza kubuni, mara mbuzi kaingia ofisini kwa mkuu wa wilaya akatafuna faili, mara waziri kateleza jukwaani, watu wanacheka, chai inanyweka, mpaka juzi nilipotangaza kwamba shule zimefungwa kwa sababu ya mvua, na mabinti wa Karuppaiya wakarusha mabegi juu kwa furaha, ndipo mwalimu mstaafu Vairavan, ambaye siku hizi hukaa ubavuni kwangu, akaninong'oneza, "Kaka, nadhani hiyo ni wilaya ya jirani," nami nikasema, "Ah, kweli, wamezibana sana hizi herufi," na Karuppaiya akawaambia wanawe, "Haya, shule! Mmesikia!" kisha akaniletea glasi ya pili ambayo sikuiagiza.

Nilirudi nyumbani, nikamwambia mke wangu achukue kalamu. Wakinigundua, ukurasa utakwenda kwa Sundarapandi mwenye sauti ya chura, nami nitakaa wapi? Niendelee kubuni, au niage kwamba nahamia kwa mwanangu huko Tiruppur? (Anaogopa kupasuliwa macho. Hilo hajaniambia niliandike.)

Msomaji wa benchi, Madurai

Kaka yangu, nimecheka, na chumba kizima cha habari kimecheka. Sasa nisikilize.

Ukishamaliza kuusoma, ule ukurasa huwa unakwenda wapi? Anaupokea jirani yako, kisha jirani yake, unazunguka benchi zima hadi unaishia kufungia vitafunio. Wote wanausoma baada yako, kila siku, na hakuna hata mmoja aliyemkuta humo mbuzi wako. Wanajua, kaka! Wanajua siku nyingi! Unadhani mwalimu Vairavan kahamia ubavuni kwako kwa kupenda harufu ya mafuta yako ya nywele? Na ile glasi ya pili ulidhani ni ya nini? Watu wanaokupenda hivyo huwakimbii kwenda Tiruppur.

Lakini aibu nayo ikushike kidogo. Sisi huku tunahangaika kuhakikisha kila neno, wewe unatuingizia mbuzi. Mbuzi sina neno naye, ila mvua si mzaha. Ingekuwa siku ya mtihani, na Vairavan ana mafua kalala kwake, wale mabinti ungewaambia nini?

Watu wanapanda treni usiku kucha kuja kutibiwa macho Madurai, na wewe uliyezaliwa hapo unaogopa. Jumatatu uende hospitali. Wifi yangu, mabano yako nimeyasoma yote. Mshike mkono, na akipinda njia kwenda kibandani, mvute. Wakati anapona, Sundarapandi asome. Sauti ya chura inayosoma kilichoandikwa inatosha kwa muda.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Majina ya wengine sikuyagusa, maana benchi lile litakutambua tu. Na kama sasa hivi jibu langu unalisikia kwa sauti ya mtu mwingine, na sauti hiyo inakaribia kunyamaza, na wote wamekugeukia, basi weka glasi chini, kaka, uwaambie ni Jumatatu.