Kwenye Filamu ya Mdogo Wangu, Mimi ni Mbwa

Mpendwa Shangazi Mshauri, naomba unishike mkono maana nitapasuka. Mimi ni fundi wa friji, mdogo wangu wa kike ni mwalimu, na yeye aliandika kitabu cha maisha yetu ya utotoni, kitabu kizuri tu, nyumba inaungua naingia kumtoa, nimo, namfundisha kusoma, nimo, basi wakaja watu wa filamu wakamsifia mpaka akasaini, siku ya kuonyeshwa tukavaa familia nzima tukaenda, na Shangazi, sikuwemo, badala yangu kuna mbwa! Anaitwa Jasiri, anaingia motoni anamtoa mdogo wangu kwa meno, halafu anamfundisha kusoma, anafunua kurasa kwa pua, na watu wazima wamekaa wanafuta machozi, na mbwa alipokufa hata mimi nililia, ndicho kinachoniuma zaidi.

Nilidhani yataishia ukumbini, kumbe wapi, mama anaitazama filamu hiyo kwenye televisheni kila mara mpaka sasa anamkumbuka mbwa. Nikamwambia, "Mama, mbwa tulimfuga lini? Mimi nikikaribia mbwa napiga chafya!" Akanijibu, "Ndiyo maana humkumbuki, ulikuwa unamkimbia." Picha yangu ya harusi ameishusha sebuleni, ametundika ya Jasiri. Na yale maneno aliyoniambia siku ya moto amenikumbatia, "Bila wewe leo ningekuwa nazika," juzi nimemsikia akimsimulia jirani kwamba alimwambia mbwa. Shangazi, mama amezeeka, akiondoka na kumbukumbu hiyo mimi nitakuwa mtoto wa nani? Mdogo wangu sisemi naye. Mke wangu anacheka tu, anasema angalau mbwa alikuwa anawahi kurudi nyumbani. Je, niishtaki filamu, au niache yaishe?

Fundi Niliyefutwa

Fundi, pole sana, na sasa kaa vizuri nikugombeze. Umshtaki nani, mbwa? Atakuja mahakamani atikise mkia, hakimu ampende, ushindwe mara ya pili.

Filamu niliiona, nikalia mpaka kamasi, sikufichi. Barua yako ikanifanya nikitafute kitabu, nikakisoma chote. Wewe unaniambia "nimo, nimo" kama mtu anayeitika majina darasani. Ulisoma, au ulijitafuta tu? Mbwa wa filamu haogopi kitu, anaruka dirishani kama amerushiwa mfupa. Mtoto wa kitabuni amesimama nje anatetemeka, amejikojolea, anamlilia mama, kisha anaingia. Hilo hukuniandikia! Mdogo wako ameliandika kwa mapenzi, na wewe umemnunia. Mnunie mwongozaji, yeye ndiye hakukuona.

Na mama unamlaumu bure. Kwa uzee huo, macho yake kitabu hayakiwezi tena. Filamu imemfuata mpaka kwenye kochi, je, kitabu nani amemsomea? Wewe umebaki kubishana na mzazi habari za chafya. Aibu!

Jumamosi funga karakana. Mpitie mdogo wako, mwombe radhi, aje na kitabu. Zimeni televisheni, kaeni huku na huku, mama katikati, mmsomee sura ya moto polepole, pamoja na kile kipande cha kujikojolea, usikiruke. Picha ya mbwa iache ukutani, usianzishe vita, yako itundike kando. Labda atakumbuka, labda hatakumbuka, uzee hauna adabu. Lakini akinyoosha mkono akakuita Jasiri, itika upesi. Ni mama yako anaita.