Kitabu Kinene cha Saumu

Mlalo, Jumapili

Dada Yunis, shikamoo.

Mvua imeozesha kabichi zote. Mama anakohoa kidogo tu.

Maktabani kwangu kidato cha kwanza huchagua vitabu kwa vidole: kila neno likikushinda ukurasani, unakunja kimoja, vikiisha vitano, unarudisha. Mmoja wao, Saumu, alitaka kitabu kinene, vidole vikaisha mstari wa pili. Nikampa chembamba, kisha cha watoto, chenye herufi kubwa. Hicho akakisoma vizuri, nami nikamwona mzito wa kuelewa.

"Mwalimu, maneno nayajua," aliniambia. Sikumuuliza zaidi.

Kumbe ni macho. Hospitali wamesema tumechelewa.

Juzi mama yake alimleta amemshika mkono. Saumu akaomba kile kinene. Nikampa. Akakipakata bila kukifungua, akauliza akirudishe lini.

Mdogo wako,
Damari