Kiti Chetu cha Mstari wa Saba

Mtaa wa Spruce,
Pinecroft, Wisconsin.
14 Desemba 2009

Mpendwa Mjomba Casimir,

Shikamoo kutoka kwa mpwa wako Tad, mwanamume aliyewapa Wapasua Mbao ushindi jana, peke yake, bila hata kugusa mpira. Usicheke, utaona.

Nyonga inaendeleaje? Na huko Alaska, dubu hawajambo? Sisi wazima, ila Mama ana mafua na hasira.

Tumepata jirani mgeni kutoka Florida, hajui lolote kuhusu timu yetu ya mpira wa Kimarekani. Shule ilinishinda, lakini somo hili mimi ndiye profesa. Nimemweleza vibarua wa kiwanda cha karatasi walivyoianzisha mwaka 1921, na jinsi njaa ya miaka ya thelathini ilipotaka kuiua, kila nyumba ikanunua hisa. Yetu bado iko ukutani, haijawahi kutuzalia hata soseji moja.

Nikamweleza na kiti chetu, pamoja na sharti la Babu, ambalo sasa unalisimamia wewe: anayekikalia haondoki kabla ya kipenga cha mwisho, akiondoka, amekipoteza. Bibi Wanda alishikwa na uchungu wa kukuzaa wewe palepale, akamkemea Babu, "Wewe tulia, mpira tunao sisi!" Nawe ukasubiri.

Jana asubuhi mji mzima tulikwenda na makoleo kuondoa theluji uwanjani. Baridi ilikuwa ya kugandisha bia mkononi. Zilibaki dakika mbili, tuko nyuma kwa pointi nne, mpira wanao wao. Mara ukawaponyoka! Lile jitu letu la mstari wa mbele, ambalo halijawahi kukimbia ila kufuata chakula, likauokota na kukata uwanja mzima hadi mwisho: pointi sita, ushindi! Mashemeji wasiosemezana walikumbatiana.

Leo mzee Gunderson kanipigia kelele dirishani, "We Tad! Jumapili ijayo utoke mapema tena utuletee bahati, bia juu yangu!"

Naam, Mjomba. Mama kasema, "Mwambie kaka yangu mwenyewe, mimi simo."

Msalimie mkaza mjomba Lorraine na binti yenu Roxanne, ingawa najua anakimezea mate kiti. Mungu akuponye nyonga, akulainishe na moyo.

Kile kiti kitupu ulichokiona kwenye televisheni, kando ya Mama anayerukaruka, ni chetu. Nilikuwa garini, miguu kwenye hita. Hilo bao nimekusimulia kama nilivyolisikia redioni.

Wako akupendaye, kwa sasa akiwa amesimama,
Tad