Shokapu Nilizokutumia Kwenye Gunia

Usagara, Mwanza
Jumatano

Mdogo wangu Kanisius,

Kabla ya salamu, simama hapo ulipo. Kama ufunguo wa pikipiki uko mfukoni mwako, mpe Mama aufunge kwenye pindo la khanga yake, na asikurudishie hata ukipiga magoti. Umeshampa? Haya, sasa tusalimiane kama watu. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Mama, shikamoo. Presha yake inaendeleaje? Shemeji na mtoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima, nakula na kazi nafanya. Ila tangu Alhamisi iliyopita nimeingiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, na nitakueleza yote kuanzia mwanzo, maana nakujua wewe: ukipewa amri bila sababu unafanya kinyume.

Msimu wa pamba umefunguliwa na huku ni vurugu tupu. Zamani alikuwa anakuja karani wa ushirika peke yake, na mkulima anamsubiri hata mwezi. Siku hizi kampuni za watu binafsi zinakimbizana vijijini, anayefika kwanza ndiye anayeondoka na mzigo. Bila pikipiki sisi makarani wa kampuni si kitu. Ndiyo maana karibu wote tulinunua ile nyekundu, pacha wa hiyo yako, kwenye duka moja la Mirongo mjini. Yako ilitangulia mwaka mmoja tu.

Wiki tatu zilizopita likabandikwa tangazo pale Kigongo, kwenye kibanda cha tiketi za kivuko, na redio nayo ikalisoma. Kiwanda kilichotengeneza pikipiki hizi kimegundua kwamba zile za toleo la mwisho zina kasoro kwenye shokapu za mbele. Pale chini zinaposhika ekseli ya tairi, chuma ni dhaifu, na kinaweza kukatika ghafla bila dalili yoyote. Kila mwenye pikipiki ambaye namba ya fremu yake imo kwenye orodha aipeleke dukani, abadilishiwe bure.

Hilo neno "bure" ndilo lililoharibu kila kitu. Watu kwanza walicheka, halafu wakaogopa, halafu wakaanza kuzificha pikipiki zao. Jirani yangu Mzee Lutonja, mnunuzi wa ng'ombe, aliilaza yake ghalani akaifunika kwa magunia ya pamba. "Bhebhe, wewe karani," akaniambia, "kiwanda gani kinakuuzia kitu, halafu kinakuita kikupe kingine bure? Hao wanataka tuzipeleke wenyewe kwa miguu yetu, wafunge geti. Trekta la ushirika lilienda matengenezo hivyo hivyo, mpaka leo halijarudi."

Nilimcheka, lakini na mimi sikwenda. Nilisema wacha watangulie wengine, nione kama watarudi na pikipiki zao.

Jumatatu ya wiki iliyopita ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, na Mzee Lutonja akaitoa yake ghalani. Nilikuwa nyuma yake kwenye mteremko, kabla ya kufika hapa njia panda. Hakuwa anakimbia, Kanisius. Alipita kwenye shimo dogo la kawaida, shimo ambalo mimi na wewe tusingelitazama mara mbili, na tairi la mbele likachomoka likaenda zake, naye akaanguka akitanguliza uso. Nilipomfikia alikuwa anajaribu kuniambia kitu na hawezi, taya limevunjika. Mguu wake sitakueleza. Sasa amelazwa, analishwa uji kwa mpira.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Mirongo. Foleni ya pikipiki nyekundu ilikuwa imefika barabarani, woga umetufundisha wote kwa siku moja. Fundi wa duka, Bwana Saidi, akasoma namba ya fremu yangu, akaikuta kwenye orodha. Akachuchumaa, akafuta tope, halafu akaanza kucheka.

"Karani, hizi umezitoa wapi? Hizi si shokapu zake. Hizi ni za zile za zamani, chuma cha enzi hizo hakina matatizo. Wewe umepona kabla hujaugua."

Akatia alama ya vema mbele ya namba yangu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakanitazama. Nikanywa soda baridi, nikawatania wale wa kwenye foleni, nikawasha nikaondoka. Nilifika Buhongwa ndipo nikakumbuka.

Nilisimamisha pikipiki nikakaa chini kando ya barabara. Mama mmoja anayechoma mahindi akaniuliza kama nina malaria.

Kanisius, shokapu zangu unazo wewe. Ulipotumbukia kwenye shimo la ngoro, yale tunayochimba mashambani kwetu, mwaka jana na za kwako zikapinda, ukaandika kwamba Mbinga hakuna kipuri na Songea hakuna. Mimi nikamwambia fundi wangu wa hapa afungue zangu, mpya kabisa, tukazifunga kwenye gunia zikaja kwenu kwa treni na basi. Mimi akanifungia kuukuu alizokuwa nazo kwenye sanduku lake. Ukaniandikia, "Kaka, chukua zako, wewe ndiye unayesafiri sana." Nami nikakujibu kwa majivuno kwamba mkubwa ni jalala, kuukuu nipande mimi. Nilijisifu mpaka kazini. Kumbe nilikuwa nimejivua kifo nikakuvisha wewe, na ukanishukuru.

Niligeuza nikarudi dukani mbio, kwa zile shokapu kuukuu zilizopona. Bwana Saidi aliponisikiliza hakucheka tena. Lakini mwenye duka alinionyesha orodha. Namba ya fremu yako haimo, na yangu ina alama ya vema. "Kwenye kitabu changu hakuna mgonjwa," akasema. Ndiyo ujue, katika dunia nzima mtu anayefahamu kwamba hicho chuma kiko huko kwetu Umatengoni ni mimi peke yangu. Kiwanda hakijui. Nilimsihi mpaka akakubali jambo moja, kwamba nikimletea zile mbovu mkononi, atanipa mpya.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiiendeshe hata hatua kumi kuipeleka kwa fundi. Mlete fundi nyumbani. Afungue, uzifunge gunia, unitumie. Na tafadhali, usimwazime mtu wala usibadilishane na mtu. Mimi na wewe tunajua kwetu kipuri hakilali, leo kiko kwako, kesho kwa katekista, kesho kutwa kimevuka mto. Kama umeshampa mtu, mfuate leo hii kwa miguu.

Sasa nikuambie linaloninyima usingizi. Ijumaa nilikwenda posta kupiga telegramu. Niliandika jina lako, nikaichana karatasi. Nyumbani telegramu ni msiba, hakuna aliyewahi kupata ya heri. Mama angeiona tu mkononi mwa mleta barua, presha ingempanda kabla hujaisoma. Nikaandika nyingine kwa jina la Padre wa huko nyumbani: "Mwambie Kanisius asipande pikipiki." Leo ni siku ya tano, sijapata jibu. Kila siku nakwenda posta, na yule mama wa dirishani sasa ananitikisia kichwa kabla sijafika. Najiambia Padre yuko safarini, anazungukia vigango vyake. Najiambia pikipiki imeisha mafuta. Halafu nakumbuka kwamba Alhamisi ile ile niliyokuwa nakunywa soda Mirongo na kuwatania watu, ilikuwa Alhamisi ya kliniki ya Mama. Nauona mteremko wa kanisani, na Mama nyuma yako amekaa upande, mwavuli mkono mmoja na kadi mkono mwingine, anakwambia polepole, baba, polepole. Na wewe unakwenda polepole. Mzee Lutonja naye alikuwa anakwenda polepole.

Naogopa, mdogo wangu. Sioni aibu kukuandikia hivyo. Tangu Baba afariki nimejifanya sijui kuogopa, kwa sababu yenu, lakini safari hii nimeshindwa.

Barua hii nampa mke wa mwalimu mkuu wa hapa, anasafiri kesho kwenda Morogoro, naye ataikabidhi kwa kondakta wa basi la Songea. Mimi nimekwama kwa sababu pamba ya watu iko ghalani na funguo ziko kwangu. Nimeshaomba mtu wa kunishikia nafasi. Nisipopata neno lako hadi Jumamosi ya wiki ijayo, napanda treni.

Mama mwambie pikipiki imeharibika basi, sababu nyingine asiijue. Msalimie shemeji, na mwambie nguo ya mtoto nimeshainunua, nitakuja nayo mwenyewe. Msalimie mjomba, yule wa kahawa, asikasirike kwamba sikumjibu. Katekista naye, na majirani wote wanaoniulizia.

Wewe nenda kwa Padre, mnipigie telegramu ya neno moja tu. Hata ukiandika "mjinga wewe" nitaibusu karatasi hiyo mbele ya watu pale posta.

Na kama bahasha hii imefunguliwa na mkono mwingine usio wa Kanisius, basi huyo aliyeifungua ninamwomba asinijibu. Aniache nisafiri njia nzima bila kujua.

Ni mimi kaka yako,
Otmari